Vijana Wahudumu wa Jamii na Matunzo ya WAVIU Tunduma

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, umepakana na Nakonde nchini Zambia, na barabara kuu ya TANZAM hupita kati yake. Madereva, wafanyabiashara na vibarua huingia na kutoka kila siku. Hivyo ni rahisi mtu anayeishi na VVU kukosa tarehe ya kliniki ya tiba na matunzo, akaishiwa dawa akiwa safarini.

Hapo ndipo kijana mhudumu wa jamii anapohitajika. Huwafuatilia wasiofika kliniki kwa ridhaa yao, huwasindikiza, na huwahimiza wanaosafiri waombe mapema dawa za kutosha. Hatoi dawa wala habadilishi dozi.

Anayetumia dawa bila kukatiza, na virusi vyake visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Dawa zikikatizwa, kinga hiyo hupotea.

Msingi wa kazi hii ni siri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu. Jirani akiuliza sababu ya ziara, mhudumu hana ruhusa ya kujibu, kwani siri ikivuja, mgonjwa huikimbia kliniki.