Tikiti ya soko ya shilingi hamsini: pesa yako huenda wapi?

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mboga ameshusha gunia la sukuma wiki, amepanga nyanya mafungu mafungu, na bado hajauza hata kitu kimoja. Mtoza ushuru wa kaunti ashafika. "Mama, tikiti." Tuseme tikiti ni shilingi 50. Mama anasema hajafungua kazi, apitie baadaye. Jamaa anaangalia kushoto, anaangalia kulia, kisha anateremsha sauti: "Basi nipe thelathini, nisikukatie risiti."

Ukiwa na kibanda sokoni, hii unaijua. Na si uongo, ile thelathini inavutia. Lakini hebu tupige hesabu. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, umeokoa shilingi 520. Kaunti nayo imekosa shilingi 1,300. Hizo 780 zilizobaki ziko mfukoni mwa mtu. Wafanyabiashara 200 wakifanya hivyo, soko limepoteza shilingi 260,000 kwa mwezi mmoja, na choo bado hakina maji.

Wateja wetu hutuuliza: kwani hizi ada haziwezi kuondolewa kabisa? Zinaweza. Kenya imeshaondoa ushuru wa mitaa zaidi ya mara moja, na yaliyofuata yana funzo kwa kila anayelipa.

Wazee wetu walianza na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa za mkoloni, mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru mabaraza ya wilaya yalitegemea sana kodi ya mtu binafsi, iliyopangwa kwa viwango vya kipato. Watu waliichukia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali kuu iliifuta, na ni wachache waliolia. Shida ni kwamba tayari, kuanzia 1970, shule za msingi, afya na barabara zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwa mabaraza ya wilaya na kupelekwa Nairobi. Kodi ilipoondoka pia, mabaraza mengi yakabaki na jina na ofisi tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja ada ya huduma, ile watu waliita "service charge". Aliyeajiriwa alikatwa kwenye mshahara, mwenye biashara akalipa yake. Hiyo nayo haikupendwa, na sababu ni rahisi: iliitwa ya huduma, na huduma haikuonekana. Unalipa, na takataka iko palepale mlangoni.

Safari hii walipoiondoa, walikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Sheria ya 1998 ilianzisha hazina ya kugawia mabaraza pesa, LATF, na ikaanza kazi 1999. Asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima iligawiwa mabaraza kwa fomyula. Halafu kukawa na masharti: sehemu ya pesa haikutolewa kama baraza halijapeleka hesabu zake na mpango wa kulipa madeni. Kwa maoni yangu, hilo sharti lilikuwa na maana kuliko hata ile asilimia, kwa sababu ndilo lililoyabana mabaraza yaandike hesabu.

Majirani nao wamepitia haya. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliita kodi ya kichwa, mwaka 2003. Uganda ikasimamisha yake mwaka 2005, baada ya miaka mingi ya wanaume kukimbilia vichakani wakiona watoza kodi. Serikali za wilaya huko zikabaki kungoja pesa kutoka Kampala, na mwaka 2008 ikaletwa kodi nyingine ya huduma za mitaa. Ushuru ukitoka mlangoni, mara nyingi hurudi kupitia dirishani.

Sasa tuko na kaunti 47 tangu 2013. Katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Mwaka wa fedha wa 2023/24 mgao wa kaunti zote ulikuwa takriban shilingi bilioni 385. Mapato ambayo kaunti zenyewe zilikusanya mwaka huo hayakufika bilioni 60. Kwa hivyo ile hamsini yako ni sehemu ndogo ya bajeti. Lakini mgao wa Nairobi hupangwa na watu walio mbali na wewe, na ukichelewa, na huchelewa kweli, mishahara na dawa hungoja. Pesa ya soko hutoka kwa mtu ambaye yuko hapo hapo, na anaweza kuuliza.

Je, kuna ushuru bora wa kuchukua nafasi ya tikiti ya kila siku? Upo kwenye Katiba: ushuru wa ardhi na majengo. Mwenye ghorofa la tano anaweza kulipa kuliko mwenye beseni la nyanya, na ghorofa halitoroki. Ila kaunti nyingi zilibaki na madaftari ya thamani ya zamani mno. Nairobi yenyewe ilitoza kwa miongo kwa kutumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati shamba la juzi limeshakuwa mtaa. Sheria mpya ya Taifa ya ushuru huo ilitiwa saini Desemba 2024. Kuithaminisha ardhi upya kuna gharama, na wenye ardhi wana sauti. Mama mboga hufikiwa haraka zaidi. Ndivyo ilivyo.

Mpaka hilo libadilike, simu yako inaweza kukulinda, ukiitumia vizuri. Lipa kwa namba ya biashara ya kaunti, si kwa namba ya simu ya mtoza ushuru wala till yake, hata akisema "mashine imekwama leo". Namba rasmi hubandikwa ofisi ya soko; kama haiko, uliza hapo ofisini. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu, acha. Kwenye akaunti andika namba ya kibanda au ya leseni sawasawa, maana pesa ikiingia kwa namba isiyo yako, kwa kaunti wewe bado hujalipa. Na ukikosea hivyo, sisi hatuwezi kuirudisha bila aliyepokea kukubali. Meseji usifute. Akija askari wa kanjo mchana, kodi ya usajili wa muamala iliyo ndani ya ile meseji ndiyo ushahidi wako.

Pia jua kwamba Katiba, kifungu cha 210, hairuhusu ada yoyote isiyo na sheria. Viwango vyote huandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na kabla haijapita lazima umma uitwe kutoa maoni. Mikutano hii hutangazwa magazetini na kwenye ofisi za wadi, na mara nyingi viti vya mbele hubaki wazi.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Omba statimenti ya miezi 12 kwenye simu yako, tafuta malipo yote yaliyoenda kwa kaunti, ujumlishe. Mtu wa kibanda kimoja, kwa shilingi 50 na siku 26 kwa mwezi, atapata 15,600. Kisha muulize mwakilishi wadi wako, kwa hiyo namba, lile bomba la choo litawekwa lini.