Mtoto wa Paka Hupewa Bure, Matunzo Yake Hayaji Bure

Katika miji yetu ya pwani ni nadra mtu kununua paka. Hupewa. Paka wa jirani akizaa wanne, mwenyewe hungoja waache kunyonya, kisha hupita nyumba kwa nyumba akitafuta wa kuwachukua, na watoto wetu ndio huwa wa kwanza kunyoosha mikono. Hivyo ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, paka mdogo wa miezi mitatu hivi tuliyemwita Kijivu. Alikuja ndani ya boksi la sabuni. Hakuna aliyetaja bei, nasi hatukuuliza jambo ila kama amekwisha kuzoea kula dagaa.

Kijivu alikaa nasi siku 19. Tunaieleza habari yake kwa sababu tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara, hasa na kina mama baada ya darsa, kama kuna haja yoyote ya kumpeleka paka kwa daktari, na kama kufanya hivyo si israfu katika nyumba ambayo hata ada ya madrasa hulipwa kwa kuchelewa. Swali ni la haki. Laiti nasi tungeliuliza mapema.

Siku ya 17 paka aliacha kula. Akatapika, akaharisha, akajikunja chini ya kabati, na mwili wake ulikuwa wa moto. Jioni ya siku iliyofuata, sisi tuliosoma chuo, tunaoandika mihtasari ya vikao vya msikiti bila kukosea tarehe, tulivunja robo ya kidonge cha Panadol, tukakisaga kwa kijiko na kukichanganya na maji. Binti yetu wa miaka minane alimshika, sisi tukampanua kinywa. Paka alifurukuta na kumng'ata binti kidole cha shahada hata damu ikatoka. Tulikifunga kidole kwa kitambaa, kisha tukaendelea kumnywesha yule paka dawa mpaka ikaisha.

Kulipokucha fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, uso umevimba, na alipumua kwa taabu. Alikufa kabla ya Adhuhuri. Tukamzika chini ya mpera, binti akalia, nasi tukadhani habari imekwisha.

Baada ya sala ya Magharibi tulimsimulia mzee mmoja katika jamaa wa msikiti, aliyestaafu kazi ya ubwana mifugo. Tulitaraji atupe pole. Badala yake alituuliza, “Katibu, alimng'ata mtu?” Tukamjibu kuwa alimng'ata mtoto. “Alikuwa na chanjo?” Hakuwa nayo. “Sasa yuko wapi?” Tumekwisha kumzika. Mzee alisimama. “Basi kaoshe kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha usiku huu huu mpeleke mtoto hospitali. Usingoje asubuhi.”

Wengi wetu huusikia ugonjwa wa kichaa cha mbwa tukadhani ni wa mbwa peke yake. Paka naye huupata, na mate yake huupitisha kwa binadamu kama yapitishavyo ya mbwa. Mtu akisha kuanza kuonyesha dalili zake, kwa kawaida hapana tiba ya kumrudisha. Kinga ni kidonda kuoshwa mara moja na sindano kuanza mapema. Mnyama aliyeng'ata akiwa hai, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, na akimaliza muda huo akiwa mzima, hofu huondoka. Wetu alikuwa amekwisha kuzikwa. Hapakuwa na wa kuangaliwa, kwa hiyo mtoto hakuwa na budi kumaliza dozi zote.

Dozi zilikuwa nne, kila moja shilingi 30,000. Jumla shilingi 120,000, mbali na nauli za kwenda na kurudi, na siku ambazo mama wa mtoto alifunga biashara yake ya vitumbua ili ampeleke. Nusu ya fedha hizo tulikopa. Hata hivyo fedha si jambo tunalolikumbuka sana. Tunazikumbuka zile wiki ambazo kila mtoto aliposema kichwa kinamuuma, mama yake na sisi tuliangaliana bila kusema neno. Alhamdulillah, binti ni mzima na sasa anahifadhi juzuu ya tatu.

Baadaye daktari wa mifugo alitueleza kuwa, kwa dalili tulizomsimulia, yaelekea Kijivu hakuwa na kichaa. Alidhani ni ugonjwa uitwao panleukopenia, unaofanana na parvo ya mbwa, ambao huua watoto wa paka wasiochanjwa kwa kuwatapisha na kuwaharisha. Tena akatuambia kuwa Panadol ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuichuja dawa hiyo, damu hushindwa kubeba hewa, na hata kipande kidogo humuua. Kwa hiyo tulimpa sumu kwa mikono yetu, na kwa kumlazimisha sumu hiyo ndipo mtoto aking'atwa. Lau tungekuwa na namba ya simu ya daktari mmoja tu, yote mawili yasingetokea.

Tulirudi katika vitabu vyetu kwa haya. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu wa madhehebu ya Shafi'i tulikisoma, mlango wa nafaqa hauishii kwa mke, watoto na wazazi. Unafika hadi kwa mnyama. Mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na akishindwa hana budi kumtoa kwa atakayeweza. Tulipokuwa wanafunzi tuliipita sehemu hiyo haraka, tukiona ni ya wenye ngamia. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, imepokewa na Bukhari na Muslim, na hakuna khatibu asiyeijua. Ajabu ni kuwa tunaisimulia mimbarini huku boksi la sabuni likiwa uani.

Wala hatusemi kuwa paka ni balaa la kuepukwa. Sahaba Abu Qatada (r.a.) aliinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na mkwewe Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Akiwa ni wa kutuzunguka, basi afya yake inagusa afya ya wanaokaa humo.

Mwaka uliofuata binti aliomba paka mwingine. Safari hii tulikaa kikao cha nyumba kabla ya kujibu, tukaandika hesabu. Paka huyu, tuliyempokea akiwa na wiki 12, alikwenda kwa daktari ndani ya kikapu cha ukili siku ya pili ya kufika kwake. Kumwona daktari ilikuwa shilingi 15,000. Dawa ya minyoo 5,000, nayo ilirudiwa mara tatu, kwa maana watoto wa paka huipata minyoo katika maziwa ya mama yao tangu wangali wachanga, na minyoo hiyo yaweza kuwafikia watoto wetu wachezao mchangani. Chanjo ya mseto, yenye kukinga ile panleukopenia na maradhi mawili ya mafua ya paka, ilikuwa 35,000, ikatolewa mara mbili, wiki ya 12 na ya 16. Chanjo ya kichaa 10,000. Jumla ni shilingi 110,000 zilizogawanyika katika miezi mitatu, na zote pamoja hazikufikia bei ya sindano za binti. Bei hizi ni zile tulizolipa sisi. Penginepo zaweza kuzidi au kupungua, na mpokeaji wa paka na aulize kwanza ndipo aitikie.

Mwenye uwezo mdogo asikate tamaa. Chanjo ya kichaa, iliyo muhimu kuliko zote kwa usalama wa watu, hutolewa kwa bei nafuu au bure katika baadhi ya halmashauri wakati wa kampeni, aghalabu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Waulizeni maafisa mifugo wa kata zenu, na wakitaja mbwa, ulizeni na paka. Sisi tulikusanyana nyumba nne, daktari akaja mtaani mara moja, nauli yake tukaigawana. Lakini awe daktari kweli. Nchi hii inayo Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linalosajili madaktari; kijana anayepita na sindano mfukoni bila kujulikana alikosomea si wa kukabidhiwa.

Yako matumizi mengine yasiyo ya lazima, na hapo israfu huanza. Vyakula vya makopo vya kutoka nje si sharti. Dagaa waliochemshwa bila chumvi nyingi, vichwa vya samaki vilivyoondolewa miiba, utumbo wa kuku uliopikwa, vyamtosha, maadamu si ugali mtupu, kwani paka ni mla nyama na ugali peke yake humpofusha na kumdhoofisha moyo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Maji safi ndiyo kinywaji chake. Viroboto waondolewe kwa kitana chenye meno membamba na maji ya sabuni laini. Kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ya mbwa yenye permetrini, ni kumuua kama tulivyofanya sisi kwa Panadol.

Liko suala la mke mjamzito, ambalo huwatupa paka wengi majalalani. Ugonjwa wa toksoplasma upo, na ni hatari kwa mimba. Lakini vijidudu vyake vilivyomo katika kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza. Basi mchanga wa paka usafishwe kila siku, na asafishe mume au kijana wa nyumbani, si mjamzito. Nyama ipikwe ikaiva, mboga zioshwe. Nyumbani kwetu kazi hiyo ni ya katibu, baada ya Alfajiri, na hakuna kikao kinachoiahirisha.

Kuhusu kumfunga paka uzazi hatutatoa fatwa. Paka jike huweza kushika mimba angali na miezi minne au mitano, na huzaa baada ya wiki tisa hivi, kwa hiyo boksi moja la sabuni huwa mawili kabla ya mwaka kuisha. Imam Nawawi alikataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Wako wanazuoni wa zama zetu walioruhusu kwa paka penye haja, ikiwa hapana madhara, wakiona ni afadhali kuliko kuwatupa wakafa njaa. Tumelifikisha suala kwa sheikh wetu na tunangoja jibu lake. Daktari ametaja shilingi 80,000, nasi tumeanza kuziweka kidogo kidogo katika kopo la maziwa juu ya kabati.

Wiki iliyopita jirani alituletea mwingine, mweupe, macho hayajatulia. Binti alimtazama, akatutazama, kisha akamuuliza yule mama, “Shikamoo bibi. Ana chanjo?” Hakuwa nayo, nasi fedha za wa pili hatukuwa nazo. Tulimpa bibi namba ya daktari, tukamwombea apate mwenye nafasi, akaondoka na boksi lake akaingia nyumba ya pili.