Kwa nini mwenye mgahawa wa chai humnasa muuaji kabla ya polisi

MGENI mmoja amekutwa amekufa bustanini, mkononi akiwa bado ameshika kikombe kitupu cha chai. Wageni wenzake, ambao muda mfupi uliopita walikuwa wakisifu chai na vitafunwa, sasa wamemgeuzia macho mtu mmoja tu: mwanamke aliyeiandaa chai hiyo.

Kisa hicho ndicho kinachoianzisha 'Death by Darjeeling', riwaya iliyotoka mwaka 2001 kwa kalamu ya mwandishi wa Marekani anayetumia jina la Laura Childs. Mwanamke anayetazamwa kwa shaka ni Theodosia Browning, mwenye mgahawa wa chai uitwao Indigo katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina.

Theodosia si askari, si wakili, wala hajasomea upelelezi. Lakini asipojulikana muuaji, jina lake na biashara yake vitazikwa pamoja na marehemu.

Tangu wakati huo, mwanamke huyo ameshafumbua mafumbo ya mauaji katika vitabu zaidi ya 25. Wala hayuko peke yake. Katika maduka ya vitabu ya Marekani na Uingereza kuna rafu nzima za riwaya ambazo wapelelezi wake ni waoka keki, wapishi wa sherehe, wauza kahawa na wauza chai.

Swali ambalo mtu anayezikuta kwa mara ya kwanza hujiuliza ni hili: kuna uhusiano gani kati ya buli la chai na maiti?

Damu isiyoonekana

Kwa Kiingereza riwaya za aina hii huitwa 'cozy', neno lenye maana ya kitu chenye joto na starehe. Neno hilohilo ndilo jina la kifuniko cha kitambaa ambacho Waingereza hulivika buli ili chai isipoe. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa riwaya tulivu za upelelezi.

Utulivu huo una kanuni zake. Mauaji yapo, lakini kwa kawaida hutendeka nje ya macho ya msomaji. Maiti huonekana, mateso hayaonekani. Matusi ni haba na mambo ya chumbani huachwa chumbani. Mahali ni kijiji au mtaa ambao wakazi wake hujuana kwa majina, na mpelelezi ni raia wa kawaida, mara nyingi mwanamke. Kitabu kinapofikia mwisho, mkosaji huwa amejulikana na mtaa umerudia hali yake.

Mizizi ya fani hii iko Uingereza, hasa katika kazi za Agatha Christie. Mhusika wake Miss Marple, bibi asiyewahi kuolewa wa kijiji cha kubuni cha St Mary Mead, alijitokeza katika hadithi fupi mwaka 1927, kisha katika riwaya ya 'The Murder at the Vicarage' mwaka 1930. Silaha yake kubwa ni kumbukumbu: kila mtuhumiwa humkumbusha mtu fulani aliyepata kumjua kijijini kwake.

Wapenzi wa fani hii nchini Marekani wana kongamano lao, Malice Domestic, lililoanza mwaka 1989 na ambalo hufanyika karibu na Washington. Hapo hutolewa tuzo zenye jina la Agatha, na mshindi hakabidhiwi kombe wala sanamu. Hukabidhiwa buli la chai.

Msomaji wa Kiswahili naye si mgeni kabisa wa mpelelezi asiye na cheo. Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na kutambulishwa kwa wasomaji katika 'Mzimu wa Watu wa Kale' mwaka 1960, hakuwa polisi. Alikuwa mtu mwenye kiko, subira na akili ya kupima maneno ya watu. Tofauti ni kwamba Bwana Msa hufuata kisa kilipo, ilhali mwenye mgahawa wa chai hufuatwa na kisa hadi mlangoni kwake.

Penye wengi pana mengi

Sababu ya kwanza ya kumchagua muuza chai ni masikio yake. Askari akiuliza swali, anayeulizwa huona hatari na kupima kila neno. Anayemimina chai hahoji mtu, anazungumza naye. Na chai ya moto hailiki kwa haraka wala hainyweki kwa haraka. Humlazimisha mtu kukaa, na aliyekaa husema.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa jambo hilo kwa kirefu. Habari ya nani amefilisika, nani amehama usiku na nani amegombana na nduguye hufika kwenye meza za chai kabla ya kufika kituo cha polisi.

Sababu ya pili ni mazoea. Mwenye mgahawa anajua nani huja saa ngapi, huketi wapi na huagiza nini. Siku mteja wa kila asubuhi asipotokea, au anapoacha kikombe kikiwa kimejaa, yeye ndiye wa kwanza kutambua. Upelelezi mwingi katika riwaya hizi hauanzi na alama za vidole, bali na mazoea yaliyovunjika.

Sababu ya tatu ni dharau. Watu hawamhesabu anayewahudumia. Huendelea na mazungumzo yao akiwa amesimama na birika pembeni, kana kwamba naye ni sehemu ya samani. Mwandishi hodari hutumia dharau hiyo kama mtego, na muuaji hunaswa na mtu ambaye hakumwona kuwa ni kitu.

Laura Childs, ambaye jina lake halisi ni Gerry Schmitt, amemwongezea shujaa wake sifa nyingine. Kabla ya kufungua mgahawa, Theodosia alifanya kazi katika matangazo ya biashara. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuongoza kampuni ya masoko. Kazi hiyo humfundisha mtu kutofautisha kile watu wanachosema wanakitaka na kile wanachokitaka kweli, na tofauti hiyo ndiyo chakula cha mpelelezi.

Mgahawani Theodosia husaidiwa na Drayton Conneley, bingwa wa kuchanganya majani ya chai, na Haley Parker, binti mwokaji. Mwisho wa kila kitabu msomaji hupewa mapishi ya vitafunwa na maelekezo ya kuandaa karamu ya chai. Kwa wakosoaji, huo ni mzaha kando ya maiti. Kwa wasomaji, ni ishara kwamba maisha yanaendelea.

Kikombe ni amana

Hata hivyo, sababu iliyo nzito zaidi imo ndani ya kikombe chenyewe. Anayepokea chai kutoka mkononi mwa mwenzake hampimi kwanza, humwamini. Kila siku mamilioni ya watu hunywa vitu walivyoandaliwa na watu wasiowajua, na miji huweza kuendelea kwa sababu ya imani hiyo ndogo isiyotajwa. Sumu ikiingia katika kikombe, si mtu mmoja tu aliyeuawa.

Agatha Christie aliijua vyema nguvu ya jambo hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini Torquay, na huko ndiko alikojifunza habari za sumu. Katika riwaya yake ya mwaka 1953, 'A Pocket Full of Rye', tajiri mmoja anaanza kutapatapa mara tu baada ya kunywa chai ofisini, na lawama zinamwendea aliyeiandaa. Baadaye inabainika kuwa sumu aliila nyumbani, wakati wa kifungua kinywa.

Mkasa huo unaonyesha upesi ambao chai hushtakiwa. Unajibu pia swali gumu kuliko yote katika fani hii: kwa nini mfanyabiashara aingilie kazi ya polisi? Jibu ni kwamba mahakama inaweza kungoja ushahidi kwa miezi, lakini wateja hawangoji. Uvumi wa wiki moja unatosha kufunga mgahawa. Mwenye mgahawa hatafuti ushujaa. Anatetea mkate wake na wa wale aliowaajiri.

Udhaifu hauwezi kufichwa. Katika kitabu cha kwanza sababu hiyo inatosha, lakini kufikia cha ishirini msomaji huanza kujiuliza ni mji gani huu usiokwisha mauaji. Utani huo umekuwepo tangu enzi za 'Murder, She Wrote', mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1996 katika vipindi 264, ambapo mji mdogo wa kubuni wa Cabot Cove ulionekana kuzika watu wengi kupita kiasi.

Mji wenye makovu ya kweli

Charleston haikuchaguliwa kwa bahati. Ni mji wa nyumba za kale, bustani zenye kuta na ukarimu unaosifiwa na watalii. Aidha, una uhusiano wa kweli na chai: katika kisiwa cha Wadmalaw, karibu na mji huo, kuna shamba la chai, jambo ambalo ni nadra sana nchini Marekani.

Lakini mji huohuo ulikuwa mlango mkuu wa biashara ya utumwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika ya Kaskazini walipitia huko. Hata rangi iliyoupa mgahawa wa Theodosia jina lake, indigo, yaani nili, lilikuwa zao lililotajirisha jimbo hilo katika karne ya 18 kwa jasho la watumwa.

Maumivu hayo hayakuishia zamani. Juni 17, 2015, watu tisa Weusi waliuawa kwa risasi wakiwa katika mafunzo ya Biblia ndani ya kanisa la Emanuel mjini humo, na mtu mweupe ambaye walikuwa wamemkaribisha akae nao. Mwaka 2023, katika eneo la bandari ya zamani ya Gadsden walikoteremshiwa mateka, lilifunguliwa jumba la makumbusho la historia ya Waafrika wa Marekani.

Hapo ndipo mkataba wa riwaya tulivu unapoonekana wazi. Msomaji anaahidiwa kifo kisicho na msiba: marehemu mara nyingi ni mtu ambaye hakupendwa sana, mwenye maadui wengi, na matanga yake hayadumu kurasa nyingi. Kifo cha kweli hakina mpaka kama huo. Tisa wale walikuwa na wazazi, watoto na majirani, na ukarimu wao wenyewe ndio uliotumiwa dhidi yao.

Si kosa kwa mtu aliyechoka kutaka kitabu ambacho haki hupatikana kabla ya kulala. Ila ni vyema ajue kwamba anachopewa ni pumziko, si picha ya mji.

Kiti kisicho na mtu

Kuna waliojaribu kurudisha msiba ndani ya buli bila kuimwaga starehe. Mmoja wao ni Jesse Q. Sutanto, mwandishi wa Indonesia mwenye asili ya Kichina, kwa riwaya yake ya mwaka 2023, 'Vera Wong's Unsolicited Advice for Murderers'. Mwaka 2024 ilipata Tuzo ya Edgar, katika kundi la riwaya zilizochapishwa moja kwa moja kwa jalada jepesi.

Vera ni mjane wa miaka 60 mwenye mgahawa wa chai katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco. Wateja wamemkimbia, na mwanawe wa pekee hana muda naye. Asubuhi moja anateremka kutoka chumbani kwake na kumkuta mwanamume asiyemjua amekufa sakafuni, mkononi ana flashi ya kompyuta. Vera anaificha flashi hiyo, kwa kuwa hana imani kwamba polisi watajisumbua.

Kisha wanatokea watu wanne, kila mmoja akiwa na lake la kuficha kuhusu marehemu. Vera anawashuku wote, na wote anawapikia. Anawapa chai, anawakemea kama watoto wake, anaingilia mambo yao ya nyumbani. Kadiri uchunguzi unavyosonga mbele, ndivyo meza ya mgahawa ambayo kwa miaka ilikaa tupu inavyozidi kujaa.

Kwa hiyo fumbo la kitabu hicho si moja. La kwanza ni nani aliyeua. La pili, ambalo hakuna askari angelifungulia jalada, ni jinsi mwanamke aliyewahudumia watu maisha yake yote anavyoweza kuzeeka pasipo hata mmoja kuuliza hali yake.

Huenda hapo ndipo siri ya riwaya za chai ilipo. Wanaozinunua wanajua kwamba muuaji atapatikana. Hilo waliahidiwa tangu jaladani. Wanachokifuata ni mahali ambapo mtu asipofika kwa siku mbili, yupo atakayetazama kiti chake na kuuliza yuko wapi.