Sarafu za kale: jua ulichonacho kabla hujamtumia mtu pesa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu. Ndugu zetu walioko Kibera na Kawangware wanaupata kama sisi tulioko huku Pwani. Unasema yuko tajiri anayenunua sarafu za kale kwa mamilioni, basi piga picha utume. Jibu huja upesi: sarafu yako ni adimu mno, ila kwanza lipa ada ya usajili. Ukishalipa, simu haishikwi tena.

Haifai kumcheka aliyenaswa. Mtu anadaiwa kodi ya nyumba na kisandukuni ana sarafu za marehemu babu yake, lazima moyo utamdunda. Kinga yake ni kujua sarafu hizo ni zipi na zilitoka wapi.

Zamani hatukuhesabu kwa mia. Rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja ilikuwa pesa 4, kwa hivyo rupia ilikuwa pesa 64. Neno "pesa" tunalolitamka kila siku ni jina la sarafu hiyo ndogo ya shaba. Zanzibar, Sayyid Barghash alitoa pesa zake zenye picha ya mizani, na juu yake mwaka wa Hijria 1299. Mombasa nayo ikapata yake: ina jina la Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, mizani, maandishi ya Kiarabu, na miaka miwili, 1888 na 1306. Baadhi zilipigwa kwa Heaton, Birmingham, nazo zina herufi H. Serikali ya Kiingereza ilipochukua nchi, ikatoa pesa zenye sura ya Malkia Victoria, za 1897 hadi 1899.

Hesabu ya 64 ilikoma mapema. Amri ya 1905 iliigawa rupia kwa senti 100, na senti za kwanza zikatoka 1906. Uingereza yenyewe iliendelea na peni 240 kwa pauni hadi 1971. Sisi tuliwatangulia kwa zaidi ya miaka 60.

Sasa tazama tarehe za Nairobi. Mji ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Kibera ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, makao ya askari Wanubi wa KAR. Mzee wa Makina wa wakati huo alihesabu mshahara wake kwa rupia na senti. Rupia iliondolewa kuanzia 1920, ikaja florini iliyoishi muda mfupi, kisha shilingi mwaka 1921. Kawangware ilikua baadaye zaidi. Kwa hivyo pesa ya Mombasa ya 1888 hutarajiwa zaidi katika makasha ya Mji wa Kale au Lamu. Katika visanduku vya Kibera na Kawangware, kilichozoeleka ni shilingi na senti zenye tundu.

Na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mfano ni senti 5 na senti 10 za 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja kitini, na sarafu zake za Uingereza ni adimu kabisa. Tapeli hukutajia bei ya hizo za Uingereza. Lakini zetu hazikuwa na sura ya mfalme kwa sababu ya tundu la katikati, zikapigwa kwa wingi na kutumika sokoni. Ni rahisi kuzipata hadi leo.

Shilingi ya simba nayo husifiwa kuwa ni fedha tupu. Za 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.8, na robo tu ndiyo fedha, yaani chini ya gramu 2. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli.

Umri peke yake hauleti bei. Wakusanyaji hutazama mwaka, herufi ya kiwanda kama H au KN, ngapi zimebaki, na hali yake. Kwa hivyo usiisugue kwa ndimu, ukwaju wala jivu. Iking'aa kwa kusuguliwa, thamani yake imeshuka. Kuitoboa ili kufanya kidani pia ni kuiharibu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitolewi nje ya Kenya bila kibali. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo humo. Anayekuambia umpe aisafirishe kimyakimya anakutia hatiani.

Ukiwa na sarafu usiyoijua, ipige picha pande zote mbili, andika mwaka na herufi zake, kisha uliza Makumbusho ya Fort Jesus, au ya Nairobi kwa walio huko. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa akachukua sarafu. Anayetaka wewe utoe kwanza, biashara yake si sarafu. Waambieni na wazee wetu nyumbani, maana wao ndio wenye visanduku.