Titanic: Sheria Iliyoachwa Nyuma na Meli

Titanic ilipong'oa nanga Southampton, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1912, haikuwa imevunja sheria yoyote. Kanuni za Uingereza za mwaka 1894 zilipanga idadi ya mashua za kuokolea kwa kuangalia ukubwa wa meli, si wingi wa watu, na daraja la juu kabisa liliishia kwenye meli za tani 10,000 na kuendelea: mashua 16. Titanic, iliyoundwa Belfast kwa ajili ya kampuni ya White Star Line, ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Ilibeba mashua 20, nne zaidi ya zilizotakiwa, zenye nafasi ya watu 1,178. Melini walikuwamo watu wapatao 2,200. Masimulizi mengi hulaumu majivuno ya wenye meli, lakini kosa zito zaidi lilikuwa kwenye jedwali hilo la serikali.

Saa 5:40 usiku wa tarehe 14 Aprili, ikienda zaidi ya kilomita 40 kwa saa licha ya kuonywa kuhusu barafu, meli iligonga mwamba wa barafu ubavuni kulia. Tumbo lake liligawanywa vyumba 16 na ingeweza kuelea hata vinne vya mbele vikijaa. Safari hii vilitoboka zaidi ya vinne. Kuta za kuvitenganisha hazikupanda juu vya kutosha, hivyo omo ilivyozidi kuinama, maji yalifurika kutoka chumba kimoja hadi kingine. Saa 8:20 usiku ilizama.

Hata nafasi zilizokuwapo hazikutumika zote. Mashua ya kwanza ilishushwa na watu 28 ilhali ingebeba 65. Nyingine ya watu 40 iliondoka na 12. Abiria hawakuwa wamefanyishwa mazoezi, na wengi waliona sitaha yenye taa ni salama kuliko mashua gizani. Walikufa watu wapatao 1,500, wengi kwa baridi ya maji. Katika daraja la tatu, karibu watatu kati ya kila wanne hawakupona.

Meli ya Californian ilikuwa imesimama kwenye barafu, si mbali sana, lakini mtumishi wake pekee wa simu ya upepo alikuwa amezima mitambo na kwenda kulala. Wito wa msaada wa Titanic ulisikika kwenye meli ya Carpathia, iliyofika karibu saa 10 alfajiri na kuokoa zaidi ya watu 700.

Januari 1914 mataifa yalitia saini mjini London mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS: nafasi ya mashua kwa kila mtu, simu ya upepo kusikilizwa usiku na mchana, na doria ya barafu Atlantiki ya Kaskazini, ambayo ipo hadi leo. Vita vilizuia mkataba huo kuanza kutumika. Unaofuatwa sasa ni wa 1974.

Dawa ya kuongeza mashua nayo ilikuwa na madhara yake. Julai 1915, Eastland, meli iliyojulikana tangu zamani kwa kuyumba, iliongezewa mashua na maboya juu. Wiki chache baadaye ilipinduka ikiwa bado gatini Chicago, wakafa watu 844.

Suala la mazoezi lilichelewa zaidi. Meli ya Costa Concordia ilipozama Italia mwaka 2012, mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi, kwa kuwa kanuni iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tangu 2015 hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.