Historia ya kale ya Korea na Japani si hati ya kumiliki shamba

Mnamo Desemba 2001, alipokuwa akizungumza na waandishi wa habari kwa munasaba wa siku yake ya kuzaliwa, Mfalme Akihito wa Japani alitamka maneno machache ambayo hayakutarajiwa. Alisema kuwa yeye binafsi huhisi ana uhusiano fulani na Korea, kwa sababu vitabu vya kale vya taifa lake vimeandika kwamba mama yake Mfalme Kammu alikuwa wa kizazi cha Mfalme Muryeong wa dola ya Baekje. Kammu alitawala kuanzia 781 hadi 806, na ndiye aliyehamishia makao makuu ya Japani katika mji unaoitwa leo Kyoto. Akihito hakufichua siri yoyote. Habari hiyo imo katika Shoku Nihongi, kitabu rasmi cha tarehe kilichokamilishwa mwaka 797, nayo imesomwa na wasomi kwa karne nyingi. Kilichoshtua si habari bali kinywa kilichoitamka.

Msomaji aliye mbali na nchi hizo aweza kuuliza: je, kuna ajabu gani kwa mfalme kusema kuwa bibi yake wa zamani alitoka nchi jirani? Ajabu imo katika yale yaliyotendwa baina ya 1910 na 1945, Japani ilipoimeza Korea na kuifanya koloni. Miongoni mwa wasomi walioutumikia utawala ule walikuwapo waliojenga hoja mbili kutoka zama za kale. Ya kwanza ilidai kwamba mataifa haya mawili ni ya asili moja, hivyo kutawaliwa kwa Korea hakukuwa kutawaliwa bali ni ndugu kurejea nyumbani. Ya pili ilidai kuwa katika karne ya 4 hadi ya 6 Japani ilikuwa tayari imewahi kuitawala sehemu ya kusini ya Korea kupitia idara yake iliyokuwa mahali paitwapo Mimana. Katika hali hiyo lugha ya Kikorea ilifukuzwa shuleni, na kuanzia mwaka 1940 Wakorea wakashurutishwa kujipa majina ya Kijapani. Undugu uligeuzwa kamba ya kumfungia ndugu.

Hapana ajabu basi kwamba hadi leo Mkorea akisikia "asili moja" hukunja uso, na wako Wajapani ambao wakiambiwa kuwa walimu wa mababu zao walitoka Korea huona wametukanwa. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimetumbukia katika kosa lile lile. Wanaisoma historia ya kale kama mtu asomaye hati ya shamba, akitafuta jina la mwenye mali. Lakini katika zama zinazogombaniwa hakukuwa na nchi iitwayo Korea wala nchi iitwayo Japani.

Kwenye rasi ya Korea kulikuwa na dola tatu zilizopigana zenyewe kwa zenyewe: Goguryeo upande wa kaskazini, Baekje kusini magharibi na Silla kusini mashariki. Katikati ya hizi mbili za mwisho vilikuwako vijidola vya Gaya. Ng'ambo ya bahari, wakazi wa visiwa walijulikana na Wachina kwa jina la "Wa", nao walikuwa na watemi wengi kabla ya ukoo wa Yamato kuwashinda wengine hatua kwa hatua. Jina Nihon, ambalo ndilo Japani, halikuanza kutumiwa mpaka mwishoni mwa karne ya 7. Na bahari yenyewe haikuwa ukuta. Kutoka kisiwa cha Tsushima hadi pwani ya Korea ni kama kilomita 50 tu, na siku ya anga safi mtu aliye kisiwani huiona nchi ya pili kwa macho.

Kupitia njia hiyo ndiko kulikopita mpunga. Kwa zaidi ya miaka 10,000 visiwa vilikaliwa na watu ambao wataalamu huwaita Wajomon, wawindaji na wavuvi waliofinyanga vyungu vya kupendeza. Katika miaka elfu ya mwisho kabla ya Kristo, kilimo cha mpunga wa maji kiliingia kaskazini mwa Kyushu kutoka rasi ya Korea, na nyuma yake zikafuata shaba na chuma. Mashamba ya kale yaliyofukuliwa huko Itazuke na Nabatake yanashuhudia hayo. Je, ni watu waliovuka au ni ujuzi tu? Swali hilo lilibishaniwa sana, lakini uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya kale umelipa jibu: watu walivuka, tena si mara moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba damu ya Wajapani wa leo ina chemchemi tatu, yaani Wajomon, wageni wa wakati wa mpunga, na wageni wengine waliofika katika enzi ya makaburi makubwa iliyoanza karne ya 3 baada ya Kristo.

Hao wa enzi ya makaburi walikuja na mengi: farasi na hatamu zake, na vyungu vigumu vilivyochomwa katika tanuri za joto kali kwa namna ya mafundi wa Gaya. Chuma nacho kilikuwa kikitafutwa huko huko. Kitabu cha Kichina cha karne ya 3 chasema kwamba watu wa "Wa" na wengineo walikwenda kusini mwa rasi kununua chuma, na kwamba huko kilitumiwa sokoni kama fedha.

Sasa tuije ile idara ya Mimana. Habari zake zimo katika Nihon Shoki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 720 kwa amri ya baraza la Yamato. Waandishi wake walikuwa na haja yao. Walitaka mfalme wao aonekane sawa na mfalme wa Uchina, na mfalme wa namna hiyo sharti awe na majirani wanaomletea tunu za utiifu. Aidha waliita idara hiyo "ya Nihon", ilhali katika karne ya 6 jina hilo halikuwepo, jambo linaloonyesha kwamba angalau jina lilibandikwa baadaye. Mwaka 2010 kamati ya wanahistoria wa nchi zote mbili, iliyoundwa kwa makubaliano ya serikali zao, iliafikiana kuwa haifai tena kusema kwamba Yamato ilikuwa na ofisi ya kutawala kusini mwa Korea. Hata hivyo jeraha halijapona. Kabla ya makaburi ya wafalme wa Gaya kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2023, kulizuka zogo huko Korea Kusini kwa sababu hati za maombi zilitumia majina mawili ya vijidola yapatikanayo katika Nihon Shoki. Majina tu!

Mwalimu anayetaka kuwafunza wanafunzi wake namna ya kuhoji ushahidi hatapata mfano mzuri kuliko jiwe la Mfalme Gwanggaeto wa Goguryeo. Jiwe hilo lilisimamishwa na mwanawe mwaka 414, mahali ambapo leo ni Ji'an, nchini Uchina. Lina urefu wa zaidi ya mita sita, na limechongwa herufi zipatazo 1,775. Katika miaka ya 1880 ofisa mmoja wa jeshi la Japani, Sakō Kageaki, alichukua nakala ya maandishi hayo akaipeleka kwao. Huko wakubwa wake walifurahi mno, kwani kifungu kimoja kinachohusu mwaka 391 kilisomwa kwamba watu wa "Wa" walivuka bahari wakazishinda Baekje na Silla na kuzifanya raia wao. Huo ndio ushahidi uliokuwa ukitafutwa.

Mnamo 1972 msomi Mkorea aliyeishi Japani, Yi Jin-hui, alitoa shutuma nzito kwamba jeshi la Japani lilipaka jiwe chokaa ili kubadilisha herufi. Kweli chokaa ilikuwapo. Ila baadaye mtafiti Mchina, Wang Jianqun, aliyekaa na kulichunguza jiwe lenyewe, alieleza mwaka 1984 kwamba waliolipaka ni wenyeji waliokuwa wakiishi kwa kuuza nakala. Jiwe lilikuwa limechakaa, nao walitaka herufi zitokeze vizuri ili wanunuzi waridhike. Biashara, wala si njama. Na tuseme kifungu kile kinasomeka kama Wajapani wa wakati ule walivyopenda. Bado sharti tuulize ni nani anayesema. Jiwe lilichongwa ili kumtukuza Gwanggaeto, aliyepeleka askari 50,000 kuiokoa Silla mwaka 400. Mwenye kumsifu shujaa humkuza adui wake. Kwamba watu wa visiwani walipigana kwenye rasi, wakiwa wenzi wa Baekje, ni jambo la kusadikika. Kwamba waliitawala, jiwe hilo halitoshi kuthibitisha.

Upande wa pili nao una chumvi yake. Mwaka 1948 mwanahistoria Mjapani, Egami Namio, alitoa nadharia kuwa wapanda farasi kutoka bara walipitia Korea wakaiteka Japani na kuanzisha ukoo wa kifalme. Nadharia hiyo iliwapendeza Wakorea wengi kuliko wanaakiolojia, ambao leo wachache wanaikubali: farasi waliingia pole pole, bila dalili ya mapinduzi ya ghafula. Kuna pia upanga wa matawi saba, uliohifadhiwa katika hekalu la Isonokami karibu na Nara, wenye maandishi ya dhahabu yanayosema ulitengenezwa na mfalme wa Baekje kwa ajili ya mfalme wa "Wa". Huyu husema ni tunu ya mdogo kwa mkubwa, yule hujibu ni zawadi ya mkubwa kwa mdogo, na kutu imekula baadhi ya herufi ambazo zingewaamua. Huko kusini magharibi mwa Korea, katika bonde la mto Yeongsan, yamepatikana makaburi yenye umbo la tundu la ufunguo, umbo ambalo ni la Kijapani hasa. Yalijengwa mwishoni mwa karne ya 5 na mwanzoni mwa karne ya 6. Ndani yake vimo vitu vya pande zote mbili, na sioni kwa nini marehemu alazimishwe kuchagua uraia.

Hata hivyo, kukataa chumvi si kukataa deni. Deni la Japani ya kale kwa Baekje ni kubwa. Ni mfalme wa Baekje, Seong, aliyeipelekea Yamato sanamu na vitabu vya dini ya Buddha, mwaka 538 kwa hesabu moja au 552 kwa hesabu nyingine. Hekalu la kwanza kamili, Asuka-dera, lilianza kujengwa mwaka 588 na mafundi wa Baekje, wakiwemo wachomaji wa vigae. Mtawa Gwalleuk alifika mwaka 602 na elimu ya kalenda na nyota. Herufi za Kichina nazo zilipitia mikononi mwa waandishi wa rasi. (Kuazima herufi si kugeuka Mchina, sisi tuandikao Kiswahili kwa herufi za Kirumi twalijua hilo.)

Kisha likaja anguko. Mwaka 660 Silla ikishirikiana na dola ya Tang ya Uchina iliiangusha Baekje. Yamato ilimrudisha mwana wa mfalme wa Baekje aliyekuwa akiishi kwao, ikapeleka majeshi kumsaidia, nayo yakateketezwa mwaka 663 kwenye mlango wa mto Baek. Habari za Kichina zataja majahazi 400 yaliyochomwa moto. Walionusurika walivuka bahari pamoja na wakimbizi, wakiwemo mabwana, waandishi na wajenzi. Wakimbizi hao ndio walioongoza ujenzi wa ngome za Kyushu dhidi ya adui ambaye hakuja. Mjukuu wa mmoja wao, Kuninaka no Kimimaro, ndiye aliyesimamia kusubiwa kwa sanamu kubwa ya Buddha iliyozinduliwa mjini Nara mwaka 752. Na orodha rasmi ya koo za makao makuu, iliyoandikwa mwaka 815, ina koo 1,182. Kati ya hizo 326 zimetajwa wazi kuwa za asili ya ng'ambo, 104 zikiwa za Baekje. Wakati huo halikuwa jambo la kuficha.

Ndipo narejea kwa yule mfalme aliyetajwa na Akihito. Mwaka 1971, vibarua waliokuwa wakichimba mfereji wa kuondoa maji katika makaburi ya kale huko Gongju, Korea Kusini, waligonga matofali. Lilikuwa kaburi la Muryeong, halijaguswa na wezi. Mlangoni kulikuwa na bamba la jiwe linalomtaja kwa jina Sama na kusema kwamba alifariki mwaka 523 akiwa na umri wa miaka 62. Nihon Shoki, kile kitabu kinachoshutumiwa kwa uongo wa Mimana, kilikuwa kimeandika miaka 1,200 na zaidi kabla ya kaburi kufunguliwa kwamba mfalme huyo alizaliwa mwaka 461 katika kisiwa kidogo karibu na Kyushu, na kwa hiyo akaitwa Shima, yaani kisiwa. Hesabu za bamba na za kitabu zinapishana kwa mwaka mmoja tu.

Wataalamu walipozichunguza mbao za jeneza lake waligundua kuwa ni za mti wa kōyamaki, aina ya mti ambao katika dunia ya leo humea wenyewe Japani peke yake. Kuna mtu aliyeukata mti ule visiwani, akaupakia chomboni, akaupeleka ng'ambo ili mfalme wa Baekje azikwe ndani yake. Mbao hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Gongju.