Homa ya Nguruwe, Lakini Ipi?

Mkazi wa Kibera akimwambia jirani yake kwamba ana homa, aghalabu jirani huyo atamwekea tangawizi kwenye chai. Atadhani kuwa pua inamchuruzika na koo linamkereketa. Mkazi wa Moshi akiyatamka maneno yayo hayo, atawekewa mkono kwenye paji la uso, na huenda akahimizwa kwenda kupima malaria. Kile ambacho Mkenya wa kawaida hukiita homa, Mtanzania hukiita mafua, na homa ya Mtanzania ni joto la mwili. Tofauti hii sisi wanaisimu tumeizoea kiasi cha kuifanya kichekesho cha darasani. Maoni yangu ni kwamba imekwisha kuwa jambo la hatari, na kwamba inagusa kazi nzito ambayo nchi zetu zimejitwika: kuyafuatilia kwa pamoja magonjwa ya wanyamapori kabla hayajawafikia mifugo na watu.

Januari 2017 ndege wa porini walionekana wamekufa kwenye ufuo wa Ziwa Victoria huko Lutembe, karibu na Entebbe nchini Uganda, na Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa kuku kutoka nchi hiyo. Sisi huku tukawa tunazungumzia "homa ya ndege", na wenzetu wa Tanzania "mafua ya ndege". Hapo pengine hapakuwa na madhara, kwa maana ndege ni ndege, na kila mtu alielewa kwamba kuku wake wamo hatarini. Lakini hebu tuitazame "homa ya nguruwe".

Mwaka 2009 dunia ilipokumbwa na mafua mapya ya H1N1, Wakenya wengi tuliuita ugonjwa huo homa ya nguruwe. Ulikuwa ugonjwa wa watu, ukienea kwa chafya na kikohozi. Kwa daktari wa mifugo wa Arusha, hata hivyo, homa ya nguruwe ni kitu kingine kabisa. Ni maradhi ambayo hayamwambukizi binadamu hata kidogo, ila yakiingia kwenye banda la nguruwe yanaweza kulifagia lote, na tiba hayana. Makao yake ya asili ni porini, kwa ngiri na kwa kupe wanaoishi katika mashimo ya ngiri hao, nao kwa kawaida hawaonyeshi dalili yoyote. Aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka 1921, alikuwa Montgomery, na aliyaeleza kutokana na nguruwe waliokufa papa hapa Kenya.

Basi jina ni moja na magonjwa ni mawili. Anayejihadhari na la kwanza hufunika mdomo na kunawa mikono. Anayejihadhari na la pili hana haja ya kufunika mdomo. Inampasa asimhamishe nguruwe hata mmoja, asiuze nyama ya mzoga, wala asiwalishe wanyama wake makombo ya hotelini yenye nyama ya nguruwe. Mfikirie mfugaji wa Kawangware mwenye nguruwe sita nyuma ya nyumba, aliyepata ujumbe kwenye simu kwamba homa ya nguruwe imeonekana mpakani. Iwapo ujumbe ulianzia Arusha, naye akausoma kwa Kiswahili cha Nairobi, atawaonya watoto wasikoholeane, kisha awauze upesi nguruwe wawili kabla bei haijaanguka. Kwa tendo hilo la pili atakuwa ameusambaza ugonjwa alioonywa dhidi yake.

Kanda yetu haikosi vikao wala mitambo. Mwaka 2000 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha mtandao wa pamoja wa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliandaa zoezi kubwa huko Namanga, pande zote mbili za mpaka, ambapo wahusika walijifanya wamevamiwa na Homa ya Bonde la Ufa ili wapime utayari wao. Naye anayesimama Kibera au Kawangware amezungukwa na wataalamu. Makao makuu ya Shirika la Wanyamapori la Kenya yako Lang'ata, mwendo mfupi kutoka Kibera. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iko Uthiru, jirani na Kawangware. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, na ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia rasilimali za wanyama iko Westlands. Ni mitaa michache ya mabanda barani inayoweza kujivunia majirani wa namna hiyo.

Lakini habari ya kwanza ya maradhi haizaliwi maabarani. Huzaliwa kinywani mwa mtu aliyeuona mzoga, au aliyeona mbuzi wake wakitupa mimba, naye husema kwa lugha yake. Neno lake hupita kwa chifu, kwa afisa wa mifugo, kwenye fomu ya Kiingereza, kisha kwenye kompyuta ya mji mkuu, na ndipo huvuka mpaka kwenda kwa jirani. Katika kila mlango hutafsiriwa upya. Sampuli ya damu hutiwa kwenye barafu isiharibike njiani. Neno halitiwi kwenye barafu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni hiyo Homa ya Bonde la Ufa. Iliitwa hivyo kwa sababu ilielezwa kwanza, mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Naivasha. Jina likabaki na Naivasha, ugonjwa ukahamia kwingine. Ulipozuka mwishoni mwa mwaka 2006, pigo kubwa liliwaangukia wafugaji wa Kaskazini Mashariki, ambao bonde hilo si lao. Wao walikuwa na jina lao, sandik. Katika Kisomali san ni pua na dhiig ni damu, basi jina lenyewe ni dalili: mnyama anayetoka damu puani. Watafiti waliowahoji baadaye walikuta kwamba wafugaji waliutambua ugonjwa, wakauhusisha na mvua zilizopita kiasi na makundi makubwa ya mbu yaliyofuata. Yaani mzee aliyeketi chini ya mgunga alikuwa na elimu iliyohitajika mjini. Hata hivyo, kwa wastani zilipita zaidi ya siku 60 tangu mifugo ya kwanza kuugua hadi huduma za afya au za mifugo kuwafikia. Nchini Kenya walikufa watu zaidi ya 150.

Sitadai kwamba neno moja lingewaokoa wote hao. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na magari hayapiti kwa nguvu ya kamusi. Ninachosema ni kwamba ofisi iliyokuwa ikingoja kusikia "Homa ya Bonde la Ufa" haikuwa na masikio ya kusikia "sandik". Na kuna jambo la ziada. Damu ya nyati na wanyama wengine wa porini wa Kenya imeonyesha kuwa waliguswa na virusi hivyo hata katika miaka ambayo hapakutangazwa mlipuko wowote, wakiwemo wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko wa 1997 na 1998. Ugonjwa hukaa kimya porini, ukingoja mvua. Anayetaka kuusikia ukiwa bado unanong'ona inampasa ajue lugha za wanaoishi karibu na pori.

Msomaji ataniuliza: Kibera na wanyamapori wapi na wapi? Jina lenyewe lingetosha kumjibu, kwa maana Kibera ni Kibra ya Wanubi, yaani msitu. Msitu umebaki kidogo upande wa Barabara ya Ngong, ila wanyama hawakwenda mbali. Kuna mwewe na korongo juu ya majaa, popo darini, na panya kila mahali. Kati ya 2012 na 2017 watafiti walizipitia familia 99 za Nairobi, za matajiri na za maskini, wakachukua sampuli kwa watu, kwa mifugo yao na kwa wanyama wa porini waishio nao. Walikuta bakteria waliokwisha kuzoea dawa zetu katika makundi yote matatu. Anayedhani pori linaanzia kwenye lango la mbuga ya wanyama hajalala katika nyumba ya mabati.

Kuhusu panya tuna habari mahususi zaidi. Mwaka 2008 waliwekewa mitego ndani ya Kibera, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa amebeba bakteria wa leptospira. Bakteria hao hutoka na mkojo wa panya, huishi kwenye maji na tope, na humwingia mtu kupitia mchubuko wa ngozi, macho au mdomo. Mgonjwa hupata joto la mwili, maumivu ya kichwa na ya misuli, dalili ambazo huku kwetu huhesabiwa malaria bila mjadala. Wengi hupona. Baadhi macho huwa manjano, figo hushindwa kufanya kazi, na mapafu huvuja damu. Dawa zipo, ni za kawaida na bei yake si ya kutisha, ila lazima mtu awaze kuuliza habari ya panya.

Sasa sikiliza kisa cha jina. Julai 2022 ugonjwa usiojulikana ulizuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Watu walipatwa na joto la mwili, wakatokwa na damu puani, na watatu wakafariki. Mnamo tarehe 18 mwezi huo Waziri wa Afya wa Tanzania alitangaza kwamba ni leptospira, na akautaja kwa jina la Kiswahili: homa ya mgunda. Ni jina zuri. Mgunda ni shamba, neno la kale lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Mkikuyu wa Kawangware halihitaji kutafsiriwa, maana kwao mũgũnda ni shamba vilevile. Tena ulimwenguni kote ugonjwa huu umekuwa ukibandikwa majina ya mashamba, ya miwa hapa na ya mpunga pale, kwa kuwa wakulima ndio waliougua wakionekana.

Lakini hebu lipeleke jina hilo Gatwekera. "Homa" ataisikia kama mafua. "Mgunda" ataisikia kama shamba, naye shamba hana. Anao mtaro unaopita mlangoni na kufurika kila masika. Jina lililomfaa mkulima wa Ruangwa litamwambia mama wa Kibera kwamba ugonjwa huo haumhusu. Naye ndiye aliye karibu zaidi na panya!

Tuliwahi kufaulu. Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafyeka ng'ombe na nyati hadi kusini mwa bara. Chanjo iliyoishinda ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, katika taasisi iliyokuwa ya nchi zote tatu kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Lakini chanjo peke yake haikutosha. Mwishoni virusi vilijificha katika eneo la wafugaji Wasomali, vikiwa dhaifu kiasi kwamba ng'ombe waliugua bila kufa wengi. Wataalamu wakatumia njia mbili. Walipima damu ya nyati, ambao hawakuchanjwa na kwa hiyo damu yao haikuweza kudanganya. Na waliketi na wafugaji, wakajifunza majina yao ya magonjwa, wakauliza lini jina hilo lilitamkwa mara ya mwisho na kwa ng'ombe wa nani. Mara ya mwisho virusi hivyo kuonekana porini duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufikia hapo, baada ya ndui. Sotoka ilikuwa na bahati moja ambayo haisemwi sana: kwa Kiswahili sotoka ni sotoka, Mombasa hadi Mwanza.

Najua fedha ni chache na kwamba wenzangu wa maabara wataniona mtu wa porojo, anayeomba istilahi ilhali wao hawana hata barafu. Sipingi barafu itangulie. Lakini ninachoomba ni rahisi mno. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iketi na madaktari wa mifugo, wa watu na wa wanyamapori wa nchi wanachama, na itoe orodha ya magonjwa ishirini au thelathini tu. Kila ugonjwa uwe na jina moja la kutangazia, na chini yake yaandikwe majina yote ya wenyeji, pamoja na maana zake na mahali yanapotumika. Sandik isifutwe, iandikwe. Orodha hiyo itiwe kwenye simu za wanaotoa ripoti, kama ule mfumo wa AfyaData uliobuniwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ili mtu akiandika neno la nyumbani kwao, ofisi ya Nairobi na ya Dodoma zione ugonjwa uleule.

Na wanaisimu wenzangu wasiachiwe kazi hii peke yao. Tumebuni istilahi nyingi mno tukiwa tumekaa mezani, nazo zimebaki mezani. Jina la ugonjwa lipimwe kama chanjo inavyopimwa, kwa watu watakaolitumia. Kwa leptospira ya mjini mimi ningependekeza "homa ya mkojo wa panya", ingawa hiyo "homa" bado inanikera. Jina hilo lipelekwe Gatwekera na Kawangware kabla ya mvua za masika, wasomewe kina mama wanaouza mboga kando ya mitaro na vijana wanaoizibua, na waulizwe swali moja: ukilisikia hili redioni, utafanya nini? Wakijibu kwamba watakunywa chai ya tangawizi, basi tulitupe, tutafute jingine.